Jifunze ubunifu wa bidhaa kwa kutengeneza kipukuchuzi kimoja cha mahindi

Mwanafunzi anayeanza ubunifu wa bidhaa za viwandani mara nyingi hukimbilia kompyuta, akachora kiti cha ajabu au gari la mwaka 2080, kisha akakwama pale anapoulizwa kitachomelewa wapi na kitakuwa na uzito gani. Kwa kazi ya kwanza chagua kitu kinachoshikika mkononi, kisicho na umeme, ambacho watumiaji wake unawafikia kwa nauli ya daladala. Kwa aliyeko Arusha au Moshi, kipukuchuzi cha mahindi cha mkono kinafaa sana. Ni kipande cha bomba chenye meno manne ndani: unaingiza hindi kavu, unalizungusha, punje zinadondoka. Kina sehemu tano tu, na hizo tano zitakutesa vya kutosha.

Vifaa: daftari lisilo na mistari, penseli ya HB na ya 2B, rula ya chuma ya sentimita 30, venia, yaani kipimio chenye taya cha kupimia unene na kipenyo (ya plastiki inatosha kuanzia), maboksi, kisu cha kukatia na nyembe za akiba, gundi, mizani ya jikoni inayosoma gramu, na simu ya kupimia muda.

Tazama kabla ya kuchora

Nenda baada ya mavuno ya masika, Arumeru, Hai au Moshi Vijijini, kwenye familia inayopukuchua yenyewe. Salimu, eleza wewe ni nani, omba: "Mama, naomba nikae nione mnavyopukuchua." Kisha kaa kimya. Usiulize kama wangependa mashine. Mgeni aliyekuja kwa heshima hujibiwa "ndiyo" hata kama mashine yenyewe haitashikwa tena baada yake kuondoka. Andika unachokiona: wanakaa au wanasimama, mkono upi unashika na upi unazungusha, kidole gani kinaota malengelenge, punje zinarukia wapi, magunzi yanakwenda wapi (mara nyingi jikoni, ni kuni, kwa hiyo usibuni kitu kinachoyasaga).

Utawakuta pia wanaojaza mahindi kwenye gunia na kulipiga kwa fimbo. Huyo ndiye mshindani wako wa kweli. Kifaa cha mkono hakitalishinda gunia kwa kasi. Kinaweza kulishinda kwa punje nzima, maana fimbo huvunja, na punje iliyovunjika huharibika upesi ghalani wala haifai kwa mbegu. Ukishajua hilo, unajua kifaa chako kinashindania nini, na unaacha kuhangaika na mambo mengine.

Pima kasi ya sasa. Tuseme mtu mmoja amepata kilo 1.4 kwa dakika 6: hiyo ni kilo 14 kwa saa. Pima watu watatu angalau, na uandike umri wao, kwa sababu mikono ya bibi wa miaka 70 na ya kijana wa miaka 20 haitoi jibu moja.

Halafu omba au nunua mahindi 30 yaliyokauka kutoka mashamba matatu tofauti. Kila hindi lipime kwa venia sehemu tatu, yaani kwenye kitako, katikati na nchani, kwanza likiwa na punje, kisha gunzi tupu. Usichukue wastani ukaridhika. Wastani ni hindi ambalo halipo shambani. Panga magunzi kwa unene wa kitako, kutoka jembamba hadi nene, uhesabu hadi la 27. Ukitengeneza pengo kati ya meno la kulipitisha hilo, magunzi 27 kati ya 30 yatapita na matatu yatakwama. Ukitaka yote 30 yapite, pengo litakuwa kubwa na magunzi membamba yatatoka na punje zake. Hakuna pengo linaloridhisha kila hindi. Kazi ya mbunifu ni kuchagua nani atakwama na kuhakikisha anaweza kulivuta hindi lake kinyumenyume bila kuumia.

Masharti, kwa namba

Andika masharti yasiyozidi manane, kila moja lipimike. "Kiwe chepesi" si sharti; "kisizidi gramu 300" ni sharti. Mengine ya kuanzia: punje zilizovunjika zisizidi gramu 2 katika kila gramu 100, kisiwe na ukingo unaochuna uzi wa kitambaa ukikipitisha juu yake, kitengenezwe kwa grenda, tupa na mashine ya kuchomelea peke yake, kwa sababu ndivyo vilivyopo katika karakana nyingi za mtaani.

Michoro ya mkono

Chora mawazo 20 kwa saa moja, kila moja dogo kama kiberiti, bila kufuta. Matano ya mwanzo yatakuwa vitu ulivyowahi kuviona. Kuanzia la kumi utaanza kulazimika kufikiri.

Bomba ni zoezi zuri la mkono kwa sababu mdomo wake ukitazamwa kwa pembeni ni duaradufu, yaani duara lililobonyea, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Makosa ni mawili. La kwanza, ncha za duaradufu huchorwa kali kama jani. Zinatakiwa ziwe za mviringo daima. La pili, duaradufu huinama vibaya na bomba linaonekana limevunjika shingo. Chora kwanza mstari wa katikati ya bomba, kisha hakikisha kipenyo kifupi cha duaradufu kinalala juu ya mstari huo. Tumia bega kuvuta mstari mrefu. Kiwiko na kiganja hutoa mstari wenye mawimbi.

Boksi kwanza, chuma baadaye

Tengeneza mfano wa boksi kwa ukubwa halisi. Boksi lina mifereji ndani: likunje kufuata mifereji, maana ukilikunja kinyume chake linavunjika na kufanya ukingo mbaya. Kwa kupima mshiko tumia kipande cha bomba la PVC lenye unene unaokaribia ule uliokusudia, uwape watu watano walizungushe. Mpini wa kushika kwa nguvu huwa mzuri ukiwa na kipenyo cha milimita 30 hadi 40. Kipukuchuzi hakiwezi kuwa chembamba hivyo kwa sababu hindi lazima liingie, kwa hiyo angalia kama vidole vya wenye mikono midogo vinakizunguka vya kutosha. Ikiwa vinateleza, fikiria masikio mawili ya kushikia. Yachore, yaweke kwenye mfano, pima tena.

Ukipata printa ya 3D, itumie kwa mfano wa kushika, si kwa kifaa chenyewe. Plastiki ya PLA, inayotumika zaidi, huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Iache kwenye gari lililofungwa juani utaikuta imepinda.

Mchoro wa fundi

Sasa ndipo kompyuta inapofaa. FreeCAD, programu ya kuchorea vifaa, ni ya bure na ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Lakini mchoro mmoja wa A3 kwa mkono, wenye sura ya mbele, ya juu na mkato wa katikati (kifaa kana kwamba kimepasuliwa), unatosha kabisa. Vipimo vyote viwe milimita.

Jihadhari na neno "inchi 2". Bomba la maji la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha milimita 60.3. Bomba la samani linaloitwa inchi 2 lina takriban 50.8. Ukimwagiza fundi kwa jina la inchi bila venia, utapata alilonalo dukani, na meno yako yote yatakuwa na kipimo cha uongo.

Tuseme umepata bomba la 60.3 lenye ukuta wa milimita 3. Ndani linabaki 54.3. Meno yakiingia milimita 14 kila upande, pengo mwishoni ni 26.3. Urefu wa kifaa milimita 60. Uzito: mzingo wa katikati ya ukuta ni milimita 180, mara urefu wa 60, mara unene wa 3, ni kama sentimita za ujazo 32.4, chuma ni gramu 7.85 kwa kila moja, kwa hiyo bomba ni gramu 254, na meno yanaongeza kama 22. Jumla 276. Ukishuka kwenye ukuta wa milimita 2, uzito unakuwa karibu 195, ila kipenyo cha ndani kimepanuka hadi 56.3 na pengo limekuwa 28.3. Meno lazima yaongezwe milimita moja moja. Umegusa namba moja, tatu zimesogea: hilo ni jambo la kila siku katika kazi hii.

Kuchomelea meno kwa ndani hakuwezekani vizuri. Elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea, haifiki na fundi haoni. Badala yake, kata mikato minne kwenye ukuta kuanzia mwisho mmoja, kila mmoja urefu wa milimita 50, uache 10 upande wa kuingizia hindi. Chomeka meno kutoka nje, uchomelee kwa nje. Kila jino ni kipande cha bati nene la milimita 2, urefu 50, upana 3 upande wa kuingilia na 17 upande wa kutokea: 14 za ndani na 3 za unene wa ukuta. Anayesahau hizo 3 anapata pengo la 32.3 na kifaa kinachobembeleza mahindi badala ya kuyapukuchua.

Kugawa duara mara nne, zungushia bomba ukanda wa karatasi, kata pale unapokutana, ukunje mara mbili: mikunjo itaangukia kila milimita 47.4.

Karakanani

Mwombe fundi akueleze jinsi atakavyokifanya kabla hajawasha mashine. Akisema "hapa hapafikiki", badilisha mchoro. Vaa miwani ya kinga. Bomba lililopakwa zinki litoe zinki kwa grenda sehemu ya kuchomelea, tena mahali penye hewa, kwa sababu moshi wake huleta homa. Bora zaidi nunua bomba jeusi, lisilopakwa zinki. Elektrodi ya milimita 2.5 inatosha. Choma vipande vifupi vya sentimita moja, jino moja kisha la upande wa pili, vinginevyo joto hulivuta bomba upande mmoja na pengo linapinda.

Usimsumbue fundi na nusu milimita kwa rula. Mpelekee vijiti viwili: cha milimita 25.5 lazima kipite kati ya meno yanayotazamana, cha 27.5 kisipite. Kingo za meno zipigwe tupa hadi ziwe za mviringo. Jino kali hukata punje. Ndani usipake rangi, chakula kinapita hapo.

Jaribio

Kwanza hakikisha mahindi ni makavu. Weka punje kwenye chupa kavu ya kioo hadi robo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu dakika chache, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na jaribio lako litakuwa batili.

Pukuchua mahindi 20 kwa mkono mtupu na 20 kwa kifaa, mtu yuleyule, siku ileile. Kila upande chukua gramu 100, chambua zilizovunjika, pima. Hesabu punje zilizobaki kwenye magunzi na magunzi yaliyokwama. Zikibaki nyingi, pengo ni kubwa. Zikivunjika nyingi, kingo ni kali au pembe ya jino inapanda ghafla mno. Mkono ukichoka kabla ya dakika kumi, rudi kwenye mshiko.

Badilisha jambo moja tu kwa kila toleo. Bomba la mita 6, ukihesabu milimita 3 zinazoliwa na diski kila mkato, linatoa vipande 95, kwa hiyo malighafi si kisingizio. Andika namba ya toleo na tarehe kwa patasi au kalamu ya rangi juu ya kila kimoja, na vilivyoshindwa uvihifadhi pamoja na karatasi ya vipimo vyake. Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma zinazoshughulika na usanifu wa mashine na zana za kilimo, na SIDO, shirika la umma la viwanda vidogo, ina ofisi Arusha na Moshi. Ukienda kuomba ushauri huko, beba toleo la 1, la 2 na la 3 kwenye mfuko mmoja. Watataka kujua kwa nini la pili lilikataa.