Kuiongezea nguvu pikipiki ya CG 125 kwa milima ya Mbeya

Kijana akinijia gerejini hapa Uyole, ombi ni lile lile: “Fundi, nifungie silinda ya 150,” yaani ya ujazo wa 150 badala ya 125. Namwelewa. Anayepandisha mlima gunia la viazi kwa pikipiki ya 125 anajua inavyoishiwa pumzi. Ila kabla sijashika hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, nataka kwanza tuirudishe nguvu ambayo tayari ameilipia.

Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko ya Dar es Salaam. Barabara ya Chunya inapita juu ya mita 2,400, na huko upungufu unafika asilimia 20 hivi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Injini inazama kwa mafuta, inatoa moshi mweusi, mlimani inalegea.

Kupima ni hivi. Funga plagi mpya, injini ipate moto, tafuta mlima usio na magari. Panda kwa gia ya tatu, mafuta umevuta mpaka mwisho, kwa mwendo wa nusu dakika. Kisha kwa mkupuo mmoja bana klachi na uzime swichi. Usiiache injini ingurume kwanza, maana plagi itakuonyesha rangi ya sailensa, yaani injini inayonguruma bila kazi, badala ya rangi ya kazi. Simama pembeni, fungua plagi, tazama ile kauri inayozunguka ncha ya katikati. Masizi makavu meusi maana yake petroli imezidi: shusha jeti kuu, kile kitobo cha petroli ndani ya kabureta, hatua moja, mfano namba 100 kwenda 97.5, urudie. Kahawia iliyopauka ndiyo tunayoitaka. Ikiwa nyeupe kabisa, rudisha jeti ya namba kubwa zaidi haraka, hapo pistoni inachemka.

Na ukiteremka Kyela, ambako ni karibu mita 500 tu, ile jeti ya Mbeya inakuwa ndogo mno. Anayefanya safari hizo kila mara abaki na jeti ya kati, hata kama Uyole itavuta kidogo tu.

Tapeti, yaani mwanya wa vali, pima injini ikiwa baridi: CG 125 ya asili ni milimita 0.08. Ea klina isafishwe, isitolewe. Anayeitoa ili “injini ipumue” anailisha vumbi la Usangu, na ringi za pistoni zitaisha kabla hajafaidi. Bomba la moshi lililotobolewa linaongeza kelele, basi.

Kwa mizigo, dawa ya bei nafuu ni sproketi, ile gia ya mnyororo. Toa ya mbele yenye meno 15, weka 14: mvuto kwenye tairi unaongezeka asilimia 7, na kasi ya mwisho inapungua kiasi kama hicho hicho. Wengi wa bodaboda wanaobeba viazi na ndizi wangeishia hapo, na ndivyo ninavyowashauri.

Bado unataka 150? Haya. CG 125 ina pistoni yenye upana wa milimita 56.5, na mwendo wake wa kupanda na kushuka ni milimita 49.5. Pistoni ya milimita 62 kwa mwendo uleule inakupa sentimita za ujazo 149. Slivu yake, lile bomba la ndani ya silinda, ni nene, kwa hiyo mara nyingi tundu la kesi ya injini, pale silinda inapozama, lazima likerezwe. Hiyo inamaanisha injini ipasuliwe yote, kesi iende kwa fundi wa mashine ya kukereza. Anayekwambia atalichonga kwa tupa, ondoka na pikipiki yako.

Nunua silinda, hedi na gasketi vyote vya 150. Ukibakiza hedi ya 125, mgandamizo uliokuwa 9 kwa 1 unaruka hadi karibu 10.6 kwa 1, na injini itagonga kila mlima. Ringi uitie peke yake ndani ya silinda, iwe sawasawa, upime mwanya kati ya midomo yake kwa fila geji, vile vibati vya kupimia: karibu milimita 0.25. Midomo ya ringi isipangane mstari mmoja. Nati za hedi zikazwe kwa kukatiza pembe, kidogo kidogo. Halafu upimaji wa jeti uanze upya, kuanzia namba kubwa.

Ujazo wa injini umeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo nenda TRA kwanza ukaulize utaratibu wa kuubadilisha, na bima wajue pia. Breki za ngoma za 125 zikaguliwe siku hiyo hiyo, viatu vipya vikihitajika. Kilomita 500 za mwanzo usibebe mzigo mzito wala kuvuta mafuta mpaka mwisho, na oili ya kwanza imwage mapema, injini ikiwa bado ya moto.