Kupima sensa ya kamera ya mtumba kwa elektroni

Muuzaji wa kamera za mtumba katikati ya Nairobi atakuambia sensa, yaani kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera, "inashika giza vizuri". Hilo halipimiki. Kinachopimika ni elektroni ambazo mwanga huzizalisha: pikseli hujaa ikishika ngapi, na gizani saketi inatoa kelele ya ngapi. Ukiwa na hizo mbili, mengi yanayobaki ni kugawanya.

Unahitaji tripodi, kifuniko cha lenzi, karatasi nyeupe na taa. Taa ndiyo huharibu kazi. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Shata ya 1/500 itanasa kipande tu cha mpepeso: picha moja nyeupe, ya pili kijivu, pengine na mistari. Tumia 1/100, 1/50, 1/25, 1/10 au 1/5. Afadhali zaidi ni balbu ya volti 12 iliyounganishwa moja kwa moja na betri. Dirisha nalo linafaa asubuhi ya Julai, mbingu ikiwa imetanda sawasawa. Mawingu yakianza kupita, acha.

Weka kamera kwenye M (kila kitu unakiweka mwenyewe), RAW (faili ghafi ya sensa) ya biti 14, ISO 100, na uzime upunguzaji wa kelele, hasa ule wa picha za muda mrefu. Bandika karatasi mbele ya lenzi na uache fokasi ipotee. JPEG haifai kabisa, maana kamera imeshazipinda namba na kuzilainisha.

Piga picha mbili za giza: lenzi imefunikwa, kitundu cha kuchungulia kimezibwa, shata ya kasi kuliko zote. Kisha piga mbili mbili kwa kila kiwango cha mwanga, viwango 8 hivi, kuanzia karibu na giza hadi pikseli zijae. Sababu ya jozi ni kwamba vumbi, kivuli cha lenzi na tofauti za pikseli kwa pikseli hukaa palepale katika picha zote mbili. Ukitoa moja kwa nyingine, vinafutika.

Kwa Python, maktaba ya rawpy inakupa namba ambazo hazijaguswa. Chukua kijani kimoja tu. Kwa mpangilio wa RGGB (nyekundu, kijani, kijani, buluu) ni raw_image_visible[0::2, 1::2]. Kata mraba wa 200 kwa 200 katikati. Geuza namba ziwe za desimali kabla ya kutoa, la sivyo hasi moja itageuka 65,535 na hesabu nzima itaharibika.

Tuseme kiwango cha weusi, yaani namba ambayo kamera hutoa bila mwanga, ni 512, na wastani wa jozi moja baada ya kukiondoa ni 4,000. Mkengeuko sanifu wa tofauti ni 44.7; kwa kuwa una kelele ya picha mbili, gawanya kwa 1.414 upate 31.6, ambayo mraba wake ni karibu 1,000. Mwanga hufika kwa bahati nasibu, kwa hiyo mraba wa kelele hukua sambamba na elektroni: 4,000 ÷ 1,000 ni elektroni 4 kwa kila namba. Jozi ya giza ikitoa 0.8 kwa njia hiyohiyo, kelele ya kusoma ni elektroni 3.2. Pikseli ikijaa kwenye 16,383, inashika (16,383 − 512) × 4, yaani elektroni 63,484. Gawanya kwa 3.2: uwiano ni 19,839, sawa na stopu 14.3 (kila stopu ni maradufu) au desibeli 86.

Usitegemee jozi moja. Chora viwango vyote. Mraba wa kelele dhidi ya wastani lazima upande kwa mstari ulionyooka, kisha uanguke ghafla pikseli zinapojaa. Ukipinda mapema, kamera inalainisha RAW kisirisiri au taa imeyumba. Tazama pia histogramu ya giza: ikiwa imekatwa kwenye sifuri, nusu ya kelele imefichwa na stopu zako ni za uongo. Shata ya kimya nayo hushusha baadhi ya kamera hadi biti 12.

Unapoandika matokeo, taja ISO, shata, biti na halijoto. Elektroni zinazozalishwa na joto huongezeka takriban maradufu kila nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi, na kelele yake hupanda nazo, kwa hiyo kamera iliyotoka kurekodi video haifanani na iliyopumzika. Sema pia kama hesabu ni ya pikseli moja. DXOMARK, tovuti ya kupima kamera, hupunguza picha hadi megapikseli 8 kabla ya kulinganisha, na hilo pekee huipa sensa ya megapikseli 24 nyongeza ya stopu 0.8, kwa hiyo stopu 14.3 zako kwa kipimo hicho ni 15.1. Kiwango cha EMVA 1288, cha kupima sensa na kamera, kinadai zaidi: sehemu ya fotoni zinazogeuka elektroni. Hiyo haipimiki nyumbani bila kihisi cha mwanga kilichosanifiwa.

Dukani una dakika kumi, basi nenda na kadi yako: jozi ya giza, jozi mbili za mwanga, na picha moja ya giza ya sekunde 30 kuonyesha pikseli zinazowaka zenyewe. Fanya hesabu kwenye laptopu kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa.