Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujibu Swali la Bondi Kovalenti

"Vitu vyenye bondi kovalenti huyeyuka kwa joto dogo." Wengi huingia kwenye mtihani wakiwa wamekariri sentensi hiyo kuhusu bondi ambazo atomi hushikana kwa kushirikiana elektroni, halafu almasi, isiyoyeyuka kirahisi, ikitokea kwenye swali wanakwama. Yako mambo ya kupanga kichwani kabla ya kugusa karatasi.

La kwanza ndilo linalobeba mengine: jua kama ulicho nacho ni molekuli ndogo ndogo au mtandao mmoja wa atomi. Tazama CO₂ na SiO₂. Fomula zinafanana, tabia haziendani hata kidogo. CO₂ ni molekuli za atomi tatu tatu zinazovutana kidogo tu, na barafu yake hugeuka gesi kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. SiO₂, yaani silika, sehemu kubwa ya mchanga mweupe, haina molekuli. Kila silikoni imeshikana na oksijeni nne, kila oksijeni imeshika silikoni mbili, hivyo hivyo punje nzima. Kuiyeyusha kunataka nyuzi 1,700 hivi.

Hapo jiulize: joto linaachanisha nini? Maji yakichemka, bondi za oksijeni na hidrojeni hazikatiki. Zingekatika, sufuria ingetoa gesi mbili za kulipuka badala ya mvuke. Kinacholegea ni mvutano kati ya molekuli na molekuli. Ukiandika kwamba bondi kovalenti ni dhaifu, msahihishaji atakunyima alama, na atakuwa na haki.

Mvutano huo nao hutofautiana. Hidrojeni salfaidi, gesi ya harufu ya yai bovu, ina molekuli nzito kuliko za maji, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa hiyo angalia kama hidrojeni imeshikana moja kwa moja na oksijeni, nitrojeni au florini; hapo molekuli huvutana kwa nguvu zaidi. Ethanoli na daimethili etha zote ni C₂H₆O. Ethanoli, ambayo hidrojeni yake moja imekaa kwenye oksijeni, huchemka kwenye nyuzi 78. Mwenzake ni gesi.

Kwa umeme, tafuta elektroni zinazotembea. Almasi ya Mwadui na kinywe (grafiti) cha Mahenge vyote ni kaboni. Kwenye almasi kila atomi imetumia elektroni zake nne kushika majirani wanne, hakuna iliyobaki. Kwenye kinywe imeshika watatu, na elektroni ya nne huzunguka ndani ya tabaka. Matabaka yenyewe huteleza, ndiyo maana penseli inaandika. Ulaini huo usikudanganye kuhusu joto: ndani ya tabaka bondi ni kali, na kinywe hustahimili hata kupita nyuzi 3,500.

Kama unajiandaa kwa vitendo, usiyeyushie sukari kwenye maji ya bomba ukapima umeme. Maji hayo yana chumvi zake, na kifaa kitasoma wakati sukari haihusiki. Tumia maji yaliyokenekwa, uyapime yenyewe kwanza, na ufute elektrodi kila unapobadilisha kimiminika. Hidrojeni kloraidi itakushangaza usipojiandaa: inapokuwa gesi ni molekuli za kovalenti, lakini ikiingia kwenye maji hutoa ayoni, yaani chembe zenye chaji, na balbu huwaka.