Vyombo vya sikukuu: lini ununue, lini uache

Kabla ya kutazama bei, hesabu matumizi. Kadiria seti itatoka kabatini mara ngapi kwa mwaka, zidisha kwa miaka mitano, kisha gawanya bei kwa jibu hilo. Sahani zenye picha za sikukuu moja hutoka mara mbili au tatu kwa mwaka, yaani mara 10 hadi 15 kwa miaka mitano. Siku nyingine zote zinakula nafasi tu. Seti nyeupe inayotumika kila wiki itatoka mara 260 katika muda huohuo, kwa hiyo hata ikiwa na bei mara tatu bado ni rahisi. Ndiyo maana seti nzima ya msimu mara nyingi hailipi. Nunua vyombo vizuri visivyotaja sikukuu yoyote, mapambo uyaachie vitu vidogo: vitambaa vya meza, sinia moja kubwa, au visahani vya sentimita 20 vya kitindamlo.

Ukishaamua kununua, jua chombo kimefinyangwa kwa malighafi gani. Udongo wa kawaida huchomwa kwenye joto la chini, kwa hiyo hubaki na vitundu ndani. Glezi, yaani ule utando wa kioo juu yake, ikimeguka popote, udongo hunyonya maji na kuvimba kidogo. Glezi isiyovimba nayo hupasuka nyufa nyembamba kama nywele, na madoa yakiingia humo hayatoki tena. Udongo mgumu unaochomwa kwa nyuzi 1,200 hadi 1,300 za selsiasi hauna shida hiyo, ila ni mzito: sahani 12 za gramu 800 kila moja ni karibu kilo 10 juu ya rafu moja. Kauri ya kaolini, yaani udongo mweupe laini, ni ngumu na nyeupe yenye ubaridi wa kibuluu kwa mbali. Kauri ya mifupa ina jivu la mifupa, asilimia 30 au zaidi, na weupe wake unaelekea maziwa. Ni nyembamba lakini si dhaifu kama inavyoonekana. Inua sahani mbele ya taa, weka vidole nyuma yake. Kivuli cha vidole kikionekana, hiyo ni kauri halisi ya mojawapo ya aina hizi mbili. (Asiyetaka chombo chenye asili ya mnyama achague ya kaolini.) Usichanganye aina hizo mbili kwenye meza moja ukitarajia zifanane, kwani weupe wake hutofautiana waziwazi.

Fedha nyingi hupotelea kwenye mapambo, na hapo ndipo pa kuwa makini. Picha huwekwa chini ya glezi au juu yake. Inamisha sahani kwenye mwanga: mng'ao ukikatika pale picha inapoanza, au ukipitisha ukucha ukahisi kijigongo, picha iko juu. Picha ya namna hiyo ilichomwa kwa joto dogo kuliko glezi yenyewe, kwa hiyo visu na sabuni kali ya mashine ya kuoshea vyombo vitaichubua taratibu. Ukingo wa dhahabu ni hivyohivyo, tena hauingii kwenye maikrowevu kabisa, maana hutoa cheche na kuungua. Kama hauko tayari kuosha sahani 12 kwa mkono usiku wa manane wageni wakishaondoka, achana na dhahabu.

Vyombo vya zamani vyenye rangi kali, hasa nyekundu, machungwa na njano, vinaweza kuwa na risasi au kadimi, metali zenye sumu. Chakula chenye asidi huziyeyusha. Vitundike ukutani, usilie chakula humo.

Dukani, gonga ukingo kwa kalamu. Sauti safi inayovuma ni dalili njema; mlio mfu unaweza kuashiria ufa hata kama hauonekani. Weka sahani juu ya kaunta iliyo sawa, bonyeza ukingo pande nne: inayoyumba iache. Pitisha kidole chini, kwenye kile kiduara kisicho na glezi. Kikikwaruza kidole, kitakwaruza na sahani ya chini yake kwenye rundo. Kisha pima eneo la kulia. Sahani ya sentimita 28 yenye pambizo ya sentimita 5 kila upande inakuachia sentimita 18 tu za chakula, na hilo hugundulika wageni wameshakaa. Pima pia kina cha rafu na nafasi ndani ya mashine ya kuoshea vyombo kabla ya kutoka nyumbani.

Seti za boksi za watu wanne huja na vikombe na visosa ambavyo huenda usivitumie. Afadhali kununua kimoja kimoja: idadi ya watu unaowalisha kwa kawaida, ongeza mbili za akiba kwa kila aina. Uliza kama muundo huo utaendelea kutengenezwa. Wa msimu kwa kawaida hautengenezwi tena, kwa hiyo chukua akiba siku hiyohiyo. Bei hushuka sikukuu ikipita, lakini kinachobaki huwa ni mabakuli bila sahani.

Nyumbani, tenganisha sahani kwa vipande vya kitambaa laini; wino wa gazeti unaweza kuacha alama. Vikombe viweke wima bila kupandana. Usimwage kitu cha moto kwenye chombo kilichotoka kwenye ubaridi. Mistari ya kijivu inayoonekana kama mikwaruzo mara nyingi ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya glezi: sugua taratibu kwa soda ya bikaboneti iliyolowanishwa, itoke. Kwenye dhahabu usiitumie, wala waya wa kusugulia masufuria. Sahani iliyovunjika ikaungwa kwa gundi, iwekee funguo au mishumaa, si chakula.