Mama haendi safari: ninavyotunza na kubeba kazi za video kwa eksteno

Napiga video za sendofu, harusi na misiba. Makao yangu ni Mbeya mjini, lakini kazi hunipeleka Tukuyu, Kyela, Chunya, Makambako, mara nyingine mpaka Iringa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na eksteno moja tu, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta. Hiyohiyo ndiyo ya kuhifadhia, ya kubebea, na ya kumpa mteja akachukue kopi yake. Siku moja Kyela, watu wamejaa ukumbini, mtoto alipita mbio akajikwaa kwenye waya, eksteno ikatua sakafuni huku inafanya kazi. Kimo chenyewe hata kiuno hakifiki. Nilipoichomeka tena ikawa inagonga kwa ndani, tk, tk, tk, halafu kimya. Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta ili nirekodi ya jioni. Wiki tatu bibi harusi alinipigia simu kuulizia video ya kanisani, nami nikawa naangalia simu inaita tu.

Siku hizi ninazo tatu, nimezibandika utepe na kuziandika kwa kalamu ya maka: MTOTO, MAMA na BIBI. Mtoto ndiye msafiri. Mama hatoki nyumbani. Bibi anaishi kwingine kabisa, nitamfikia.

Hatua ya 1: Nunua, kisha pima ulichouziwa

Eksteno ya HDD ina sahani zinazozunguka, nyingi za kubebeka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Ikianguka huku inazunguka, kichwa kinakwaruza sahani. Ndicho kilichonikuta. SSD haina kitu kinachozunguka, inavumilia mashimo ya barabarani, ila bei iko juu. Kwa hiyo Mtoto wangu ni SSD ndogo, Mama na Bibi ni HDD kubwa. Wengi wanafanya kinyume, nzuri inakaa kabatini na dhaifu ndiyo inapanda basi.

Ukioneshwa flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani ya chipsi kuku, pita. Zimechezewa zidanganye kompyuta. Ndani kuna GB chache, na ukizidisha hapo mafaili yanaonekana kwa majina lakini hayafunguki. Hata ya dukani ipime. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza diski nzima kisha inaisoma yote upya. TB 1 inachukua saa nyingi, iache usiku. Ila usirudi dukani kugombana kwa sababu TB 1 yako inasoma GB 931. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Hatua ya 2: Fomati

Kufomati ni kuipa diski mpangilio wa kutunzia mafaili. Mtoto mfomati kwa mpangilio wa exFAT, kwa sababu atachomekwa kwenye Windows na Mac, na zote mbili zinasoma na kuandika. Mpangilio wa zamani, FAT32, haupokei faili linalozidi GB 4, ndiyo maana faili linakataliwa wakati nafasi unaiona tele. Mama mfomati kwa mpangilio wa NTFS kama nyumbani unatumia Windows, maana NTFS inahimili zaidi umeme ukikatika katikati ya kazi. Kufomati kunafuta kila kitu. Soma herufi ya diski (kama E au F) mara mbili kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 3: Kopi, usihamishe

Tumia Ctrl+C na Ctrl+V. Ctrl+X isahau kabisa kwenye kazi ya mteja. Kadi inakwenda kwenye laptopu, laptopu inakwenda kwa Mtoto, na kadi haifutwi mpaka Mama naye amepata. Ndiyo, utahitaji kadi za ziada. Nunua.

Chomeka kwenye tundu la USB lenye ulimi wa bluu, kama lipo. Tundu la zamani linapitisha kama MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo GB 64 ni nusu saa. La bluu na eksteno ya HDD ni dakika kumi hivi. Folda ziite kwa kuanza na mwaka, mfano 2024-07-13_Tukuyu_sendofu, zitajipanga zenyewe.

Kopi ikiisha, bofya folda ulikotoa na ubonyeze Alt na Enter, uone idadi ya mafaili na ukubwa wake. Fanya hivyo kwa folda ulikopeleka. Namba zilingane. Halafu fungua klipu ya mwisho kabisa, iangalie mpaka dakika yake ya mwisho. Nasema ya mwisho kwa sababu kopi iliyokatika huwa inakatikia huko.

Hatua ya 4: Kuchomoa

Bofya alama ya kutolea diski chini kulia mwa skrini, subiri ruhusa, ndipo uchomoe. Ikikataa, kuna programu bado imeshikilia faili, zifunge. Na kama umeme wa kwenu unacheza, kopi kwa laptopu yenye chaji, usitumie kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba.

Hatua ya 5: Njiani

Begi la Mtoto nalipakata. Konda atakwambia liende kwenye buti, mwambie kuna mayai. Kadi za kamera zinakaa mfuko wa ndani wa koti, kusudi begi likipotea kazi isipotee nalo.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo mtu wa Dar halimhusu. Juni na Julai unapita Uyole na Isyonje baridi inauma, kisha unateremka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, joto na unyevu. Anayevaa miwani anajua inavyofanya ukungu. Chuma baridi nacho kinatoa jasho vilevile, na maji hayo yakiwa ndani ya eksteno unaichomeka, unaiua. Iweke kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu tangu Mbeya, na ukifika usiufungue. Salimia watu, kula, muda wa kama saa nzima ukipita ndipo uitoe. Mfuko huohuo utakusaidia Tukuyu, ambako mvua haipigi hodi.

Hatua ya 6: Mtoto amrudie Mama

Usiku huohuo, hata kama umechoka. Kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) naandika:

robocopy E:\Kazi F:\Kazi /E /R:2 /W:5

E ni Mtoto, F ni Mama. Inachukua mapya na yaliyobadilika tu, yaliyopo inayaruka. Mtandaoni utakuta wanakwambia uweke /MIR. Usiweke. Hiyo inamfanya Mama afanane na Mtoto kwa kila kitu, ukiwa umefuta kwa Mtoto na kwa Mama inafuta.

Ukimaliza, mchomoe Mama. Radi za huku hazina adabu, na virusi vinavyoingia kwenye laptopu vinakula kila kilichochomekwa. Mteja mpe flashi, asiguse Mtoto. Flashi ikirudi kutoka steshenari imejaa vinjia vya mkato (shortcut) badala ya mafaili, usivibofye wala usifomati. Mafaili kwa kawaida yamefichwa tu. Kama herufi yake ni G, andika kwenye dirisha lilelile la amri attrib -h -r -s /s /d G:\*.* na utayaona. Kisha piga antivirusi.

Hatua ya 7: Bibi

Mbeya tunakumbuka soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006. Eksteno tatu zikiwa chumba kimoja, moto unazihesabu moja. Wenye fani wana kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Unaweza kutumia hifadhi ya mtandaoni kwa hiyo ya mbali, ila piga hesabu. GB 200 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu siku nne usiku na mchana, na bando ni lako. Mtandaoni mimi napeleka video zilizokamilika tu.

Bibi anakaa Mbalizi kwa dada yangu, ndani ya kopo la biskuti, juu ya vitenge. Kila mwisho wa mwezi napanda daladala, namleta, nampa kopi kutoka kwa Mama, nachezesha klipu mbili tatu za zamani, namrudisha. Dada nimemweleza mara nyingi kwamba humo hamna nafasi ya tamthilia. Mwezi uliopita nilikuta msimu mzima.