Kabla ugonjwa haujafika mtaani kwenu

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, tena hapa hapa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Nani alipata muda wa kujipanga? Kama mna kikundi cha akiba mtaani, haya yafanyeni sasa, wakati kinachosumbua ni mafua tu.

Ndoo yenye koki na sabuni. Pangeni na zamu ya kuijaza, la sivyo ni pambo.

Barakoa za kitambaa: fundi cherehani wa mtaa anatosha.

Orodha ya kaya. Msiishie kwa wanakikundi. Wapangaji wa chumba kimoja ndio husahaulika. Watalii wakikatika, mpagazi wa mlimani na dobi wa hotelini hawamalizi mwezi. Zungukeni na balozi wa nyumba kumi. Mzee mwenye sukari au presha aandikiwe kabisa nani atamchukulia dawa.

Sasa hela, na hapa tusikilizane. Kikundi kimoja cha akina mama Sombetini kilikuwa na sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kama ilivyo kwenye vikoba vingi. Korona ilipoingia wakaogopa kukusanyika, wakahamishia akiba yote kwenye simu ya mweka hazina. Siwalaumu, wengi tungefanya hivyo. Mweka hazina akabanwa kifua, ndugu zake wakamchukua kwenda Rombo, simu ikazimika. Namba ya siri anaijua yeye, laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, wakala angefanya nini? Huku nyumbani kuna mwanachama mjane anakorogea watoto uji mwepesi, na hela ya unga ipo. Minong'ono ikaanza: kakimbia nazo. Alipopona alirudi, akakabidhi hela zote mbele yao. Wapo ambao hadi leo hawasalimiani.

Kwa hiyo msiweke yote kwa mtu mmoja. Ipo huduma ya vikundi kwenye simu ambayo hela haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja wathibitishe, itumieni. Sehemu nyingine ya hela mlipeni Mangi wa dukani mapema, aliyeishiwa achukue unga na maharage kwa daftari. Na viwango viandikwe kabla, maana mkianza kubishana nani ana shida zaidi wakati watoto wana njaa, hamtamaliza.

Tafuteni pia mwenye bajaji atakayekubali kubeba mgonjwa usiku. Muulizeni mapema, wengine hukataa. Msibani msijazane. Chakula cha mgonjwa kiachwe mlangoni. Na zile jumbe za "daktari mmoja amesema", zisomeni mara mbili kabla ya kumrushia mama mkwe.