Majani ya Mwembe, Vitumba vya Pamba na Nta: Kupamba Nyumba kwa Krismasi Tabora

Desemba ni mwezi wa mvua Tabora, na jambo hilo ndilo linalopaswa kutangulia katika hesabu za mtu anayetaka kupamba nyumba yake kwa Krismasi bila gharama kubwa. Karatasi za rangi zinazotundikwa barazani huloa na kuchuja rangi ukutani kabla hata mkesha haujafika, na fedha iliyozinunua ikawa imekwenda na maji. Kwa hiyo nje ya nyumba vitumike vitu vya shambani visivyoogopa mvua, na vya karatasi, vya nguo na vya umeme vikae sebuleni.

Mlangoni sijaona kinachoshinda majani ya mwembe, na Tabora haina uhaba wa miembe. Chuma majani yaliyokomaa, yenye kijani kizito, uyaache yale machanga yenye wekundu kwa kuwa hunyauka upesi. Pima kamba ya katani kwa upana wa fremu ya mlango, uongeze shubiri mbili kila upande ili ncha zining'inie, kisha kunja kikonyo cha kila jani juu ya kamba na ukifunge kwa uzi, jani kando ya jani, ncha zote zikitazama chini. Misumari miwili midogo inatosha kuishikilia. Mwenye mwembe aombwe kwanza, maana wakati huo embe ziko mtini, na mtu anayeonekana akivuta matawi hueleweka vibaya. Maua mekundu ya mkrismasi nayo huwavutia wengi, lakini yakishakatwa hayadumu. Kilicho bora kwenye mti huo ni yale maganda yake marefu magumu, ambayo yakipakwa chokaa na kufungwa matatumatatu kwa riboni hukaa msimu mzima.

Mti wa Krismasi wenyewe si lazima ununuliwe, wala si lazima mche wowote ukatwe. Tawi kavu lililoanguka, lenye vijitawi vingi, likipakwa chokaa na kusimamishwa ndani ya ndoo iliyojazwa mchanga, hupendeza kuliko miti mingi ya plastiki, na ndoo ikizungushiwa kitenge hakuna atakayeuliza kilichomo. Watu wengi hutawanya pamba ya duka la dawa juu ya matawi ili ifanane na theluji. Theluji kwetu haijulikani, ila pamba inajulikana sana, kwani Igunga na Nzega zinailima. Aliye na ndugu huko amwombe vitumba vilivyofunguka, vikiwa bado na maganda na vikonyo vyake, avifunge kwenye matawi kama maua. Vitakuwa pamba, havihitaji kusingiziwa kitu kingine.

Mahali ambapo inafaa kutumia muda zaidi ni kwenye mishumaa. Mkoa huu ni wa asali, na penye asali pana nta, bidhaa ambayo wengi wetu huiacha ipite ikauzwe mbali ilhali inaweza kuwa pambo, taa na harufu nzuri kwa pamoja, hasa jioni umeme unapokatika wageni wakiwa mezani. Tafuta nta iliyokwisha kuchujwa kwa wafugaji wa nyuki au sokoni. Kilo moja hujaza kopo la kimo cha kiganja. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, hivyo haihitaji moto mkali: weka kopo hilo ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, wala usiliweke moja kwa moja juu ya mkaa, kwa sababu nta ikipata joto kupita kiasi huwaka kama mafuta. Ikitokea ikashika moto, ifunike kwa kifuniko. Usiimwagie maji kabisa.

Utambi uwe wa uzi wa pamba, nyuzi tatu zilizosukwa pamoja, kwani uzi wa nailoni huyeyuka badala ya kuwaka. Utumbukize utambi kwenye nta, uutoe, uunyoshe kwa vidole ungali na uvuguvugu, kisha uache upoe kabla ya kuutumbukiza tena. Mara ya kwanza na ya pili utadhani hakuna kinachoongezeka. Endelea mara ishirini au zaidi, mpaka mshumaa ufikie unene wa kidole, ukiuviringisha mara mojamoja juu ya meza safi ili unyooke. Anayeharakisha na kuuacha ndani ya nta ya moto kwa muda mrefu ataona tabaka za awali zikiyeyuka na kurudi ndani ya kopo. Watoto watazame kwa mbali. Kazi hii si yao.

Mishumaa minne ya aina hiyo inatosha kwa shada la Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, ambapo huwashwa mshumaa mmoja zaidi kila Jumapili hadi sikukuu. Nta haina haja ya kutiwa rangi: funga utepe wa zambarau kwenye mitatu na wa waridi kwenye ule wa Jumapili ya tatu. Isimamishwe kwenye sahani ya udongo yenye mchanga, mbali na mapazia, na isisogezwe kamwe karibu na ule mti wenye pamba. Kwenye mti ziwekwe taa ndogo za LED, ambazo hazipati joto sana na hutumia umeme kidogo. Kagua waya wake kabla ya kununua, na uzizime mnapokwenda kulala.

Kazi ya watoto ni pango, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa pango la Noeli huko Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia nyasi kavu, ng'ombe na punda, vitu ambavyo mkulima yeyote wa pale alikuwa navyo. Hapa udongo wa kichuguu ndio unaofaa: uloweke, uupondeponde mpaka ulainike, kisha wafinyange kondoo na wachungaji wadogo wadogo, wavikaushe kivulini kwa siku kadhaa kwa kuwa jua kali huvipasua. Mkaa uliosagwa na chokaa vinatosha kuwa rangi.

Baada ya sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, vitumba, maganda na taa vifungwe ndani ya boksi na kuwekwa mahali pasipo na panya. Majani ya mwembe yapelekwe shimo la mboji, na vipande vya mishumaa vikusanywe kwenye kopo lilelile ili viyeyushwe tena wakati wa Pasaka.